Saa ya rubani na mgongo wa mpagazi

Je, mtu aweza kumiliki kitu kilichosaidia kuua, akakipangusa vumbi na kukitundika ukutani, na asidaiwe lolote? Suali hili nimelipata kwa watu wanaokusanya saa za ndege za kivita za zamani, zile zilizofungwa mbele ya rubani, nyingine zikienda siku nane kwa kutiwa ufunguo mara moja. Wao husema chuma hakina dhambi.

Kwa upande wa mali sina ugomvi nao. Saa za Waingereza za Vita Kuu ya Kwanza ziligongwa alama ya mshale, yaani mali ya serikali. Mwenye kuinyofoa na kuificha amefanya ghuluul, na anayeinunua huku anajua ni mshirika wake. Lakini nyingi ziliuzwa kwa halali baada ya vita. (Tahadhari tu: za zamani zinazong'aa gizani nyingi zilipakwa radiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu baada ya miaka 1,600 hivi. Usiifungue mezani pa chakula.)

Ila mimi naifikiria Rufiji. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba, ilijificha kwenye mikoko ya delta, upande wa Salale, ambako leo ni wilaya ya Kibiti. Waingereza wakaleta ndege, wakaweka kituo Mafia. Tarehe 6 Julai 1915 meli zao mbili, Severn na Mersey, zilipiga kwa pamoja, na aliye angani akachanganyikiwa kombora lipi ni la nani. Tarehe 11 wakapiga kwa zamu, ndege ikipeleka habari kwa simu ya upepo, mpaka Königsberg ikamalizwa. Kazi ya namna hiyo ni kuhesabu sekunde: limetoka lini, limeanguka lini. Basi saa ya rubani nayo ni kiungo cha mzinga.

Rubani wa siku ile, Cull, na mwenzake Arnold, wamo vitabuni. Sawa. Lakini kabla ya hapo mitambo ya Königsberg iliharibika, ikaburutwa na Waafrika kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha ikarudishwa delta. Meli ilipozama, mizinga yake 10 iliopolewa, nayo ikavutwa vitani na watu wetu. Mmoja upo Mombasa, Fort Jesus. Mwingine upo Pretoria. Mzinga una anwani. Aliyeuvuta hana hata kaburi linalojulikana.

Ndiyo maana hoja ya chuma kutokuwa na dhambi hainitoshi. Mtoto akiiona saa ile ukutani atauliza habari za rubani, na baba atakuwa na jibu. Sasa na tuulizane: zile siku za mpagazi, kutoka Salale hadi Dar es Salaam na kurudi, nani aliziandika, na nani alizilipa?