Raha ya Abiria na Jua la Mkulima

Msimu wa kaskazi, jua la Januari linapochoma hata mchanga haukanyagiki kwa mguu mtupu, treni itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro hupita vilima vya Pugu, ikaiacha Kisarawe na misitu yake mkono wa kushoto, ikateremka Soga wilayani Kibaha na kuuelekea mto Ruvu. Na abiria aliyeketi dirishani, akiona mikorosho na mabonde ya kijani, husema moyoni: Subhanallah, uzuri ulioje! Je, raha hiyo ni halali yake, ilhali yule amwonaye huko nje, aliyeinamia jembe au anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, hana nafasi ya kuutazama uzuri huo kwa taabu ya kazi na ukali wa jua?

Wako watakaojibu kwamba raha ya macho haina dhambi, nao hawakukosea. Qur'ani huwahimiza wanadamu watembee katika ardhi na kutazama, na kumkataza mtu asipendezwe na kazi ya Muumba wake ni kumfunza kukufuru neema. Lakini kutazama kunakotakiwa ni kwa mazingatio, na mazingatio hayawezi kumruka mtu yakatua juu ya mti.

Zamani joto lenyewe lilikuwa mwalimu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914 kwa jasho la Waafrika, ilipitisha mabehewa yenye madirisha ya kufunguka: vumbi liliingia, na kwa dirisha lilo hilo ukaingia mkono wa mchuuzi wenye korosho au muhogo wa kuchoma, naye akihimiza apewe pesa yake kabla gari halijaondoka. Abiria na mwenyeji walilowa jasho moja. Treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hadi Morogoro Juni 2024, hufikia mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na kioo chake hakifunguki. Ubaridi umebaki ndani, jua limebaki nje.

Wepesi huo wa safari nao ni neema, wala hapana haja ya kulitamani vumbi. Ila shukurani ina nguzo mbili: kumhimidi aliyeliumba bonde, na kuitambua haki ya anayelilima. Ashikaye ya kwanza akaiacha ya pili amestarehe tu, hajashukuru. Basi, msomaji, ukishuka kituoni ukamkuta mama amepanga mihogo yake juani, usishindane naye kwa shilingi mia.