Mtoto Hajaomba Jicho

Dadangu alikuwa na mimba ya miezi sita alipoanza kuona cheche za mwanga pembeni mwa jicho la kushoto, kisha vidoa vyeusi vinavyoelea, kisha kivuli, kama mtu anashusha pazia pole pole. Nyumbani tukasema ni presha ya mimba, itaisha akijifungua. Na kweli iko ya aina hiyo: presha ikipanda sana, maji yaweza kujikusanya nyuma ya retina, na mara nyingi hukauka baada ya kuzaa. Yake haikuwa hiyo. Retina ilikuwa imechanika na inaendelea kubanduka.

Daktari hakuzunguka. Sehemu ya katikati, ile tunayosomea na kutambulia nyuso, bado ilikuwa imeshika. Ikibanduka nayo, hata upasuaji mzuri huenda usimrudishie kuona kwake kwa zamani. Afanyiwe leo, au kesho. Ganzi ya jicho tu, si nusu kaputi.

Mama kwenye simu: "Na mtoto?" Shemeji: "Na mtoto?" Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kwetu huwa siulizwi neno katika mambo mazito. Siku hiyo niliulizwa, nikasema: si tungoje tu ajifungue?

Sijui nilitoa wapi ujasiri wa kugawa jicho lisilo langu. Kuuliza habari ya mtoto si kosa, na daktari alishatujibu. Lakini sisi hatukuwa tunauliza tena. Tulikuwa tunatoa sadaka, na sadaka hutolewa na mwenye mali. Dada angeamua mwenyewe kungoja, ningenyamaza na kumheshimu. Hakuamua hivyo. Alisema, "Mtoto hajaniomba jicho," akachukua kalamu, akatia sahihi.

Waliingiza gesi ndani ya jicho ili iisukume retina irudi mahali pake. Alitakiwa kukaa ameinamisha uso, na kwa tumbo lile kulala kifudifudi haiwezekani. Basi alikaa kwenye kiti, paji la uso juu ya mto mezani, siku baada ya siku, huku nikimshikia simu.

Mama alipopiga aliuliza kama mtoto anacheza. Nikamwambia anacheza sana. Kisha nikanyamaza, nikimngoja aulize la pili.