Tumbo Langu, Kosa la Nani?

Ndugu msomaji, upo mlo mmoja ambao haumo katika ile milo mitatu tuliyofundishwa shuleni. Huliwa saa saba usiku, jikoni, taa imezimwa. Mlaji hana sahani wala kiti. Amesimama, mwiko uko mkono wa kulia, mfuniko wa sufuria uko mkono wa kushoto, ameushikilia usije ukalia. Anakula haraka haraka bila kusikia ladha, na akimaliza anasawazisha kilichobaki kwa mgongo wa mwiko ili isijulikane kwamba pamepita mtu.

Mlaji huyo nilikuwa mimi. Nilikula hivyo kwa zaidi ya mwaka mzima, na kama si jambo nitakalolieleza huko mbele, pengine hata leo ningekuwa bado nanyata.

Najua wapo watakaocheka. Watasema, "Bwana wee, huo nao ni mjadala? Njaa ni njaa, kula ukalale!" Lakini hebu tuvumiliane kidogo. Mtu anayeshindwa kujizuia kula usiku amemkosea nani? Tumbo ni lake. Unene ukija ni wake, na maradhi yakija ni yake. Je, hapo pana kosa lolote, au pana udhaifu tu wa kuonewa huruma?

Kwanza nieleze lilivyoanza. Nilikuwa nakaa Pasua, Moshi mjini, kwa dada yangu aliyeolewa. Nilifanya kibarua cha kuhesabu magunia katika ghala moja, na malipo yake yalikuwa ya kusuasua. Asubuhi natoka na chai ya rangi na andazi moja. Mchana nabana matumizi, nakunywa maji, basi. Jioni narudi tumbo limeshikana na mgongo, nakuta dada kapika machalari, ndizi zimelainika na nyama, harufu imefika hadi barabarani. Shemeji ananikaribisha vizuri kabisa: "Karibu mezani, shemeji." Nami nakula vijiko sita au saba, kisha nasukuma sahani.

"Ongeza basi," anasema dada.

"Hapana dada, nimeshiba."

Uongo mtupu! Sikuwa nimeshiba hata kidogo. Ila nilikuwa kijana mzima anayelishwa na mume wa dada yake, na wahenga walishasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Siku yangu ya tatu ilishapita zamani, na jembe sikuwa nalo. Niliona heri nisifiwe kwa kula kidogo kuliko kuonekana mzigo. Basi jioni nilijijengea sifa mezani, na usiku nikaenda kuilipa jikoni.

Mwanzoni ilikuwa njaa ya kweli. Baada ya miezi miwili mitatu haikuwa njaa tena. Hata siku niliyolipwa, nikapitia stendi nikala chipsi mayai mpaka nikashindwa kupumua, ilipofika saa saba macho yalifumbuka yenyewe na miguu ikaelekea jikoni kana kwamba nimeitwa. Mazoea yana taabu.

Kila asubuhi niliapa kwamba sitarudia. Mchana kiapo kipo. Jioni bado kipo. Usiku kiapo hakionekani, utadhani hakijawahi kutamkwa. Jambo hili liliwahangaisha hata Wayunani wa kale. Socrates alishikilia kwamba hakuna mtu atendaye baya huku akijua kweli kwamba ni baya. Akilitenda, basi hakulijua. Aristotle, aliyekuja baada yake, aliona kwamba maneno hayo hayaafikiani na tunayoyaona kila siku. Alieleza kwamba mtu anaweza kuwa anajua, lakini ujuzi wake wakati huo ukawa kama wa mlevi au wa mtu aliye usingizini: maneno ya hekima yanamtoka mdomoni sawasawa, lakini hayamshiki. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Mbege sikuwa nimeonja, lakini pale jikoni nilikuwa mlevi kamili. Nilikuwa natafuna huku nasema moyoni, "Hii tabia ni mbaya."

Madaktari nao wana lao la kusema. Mwaka 1955 daktari mmoja wa Marekani, Albert Stunkard, alieleza hali ya watu wasio na hamu ya chakula asubuhi, wanaokula sana jioni na usiku, na ambao usingizi unawapiga chenga. Kwa hiyo wako ambao kwao jambo hili ni maradhi, na dawa yake ni kumwona daktari, si kuhubiriwa. Isitoshe, mwili una saa yake. Chakula kile kile kikiliwa usiku wa manane, sukari hukaa ndani ya damu muda mrefu kuliko kikiliwa asubuhi. Na mtu aliyeshinda na njaa mchana kutwa, usiku hula kwa kulipiza kisasi.

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya Tanzania, vikiwemo vya mkoa wa Kilimanjaro. Waliokutwa na kisukari walikuwa kama mtu mzima 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, mjini na vijijini, ulikuta kama 9 kati ya 100. Chunguzi hizo mbili hazikufanana kwa namna ya kupima, na sababu za ongezeko ni nyingi: miguu iliyoacha kutembea, soda, mafuta, kazi za kukaa. Simtwishi mla usiku mzigo wote huo. Nasema tu kwamba tunapodhani hakuna anayeona, mwili unaandika.

Basi ni kosa au ni ugonjwa? Mimi ningeishia hapo hapo, nikijihurumia, kama si msichana wa kazi.

Dada alikuwa na hausigeli, binti wa miaka kumi na minane hivi, mwenyeji wa upande wa Same. Kila jioni dada alibakiza chakula kidogo kwa ajili ya mwanawe, ale asubuhi kabla ya kwenda shule. Asubuhi moja akafunua sufuria, akakuta ukoko. Haikuwa mara ya kwanza.

"We binti, chakula cha mtoto kimekwenda wapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Humu ndani kuna panya wa kufunua sufuria na kuifunika tena? Sisi tumelala. Na huyu kaka yako unamwona mwenyewe anavyodonoa!"

Nilikuwa nimekaa pale pale, kikombe cha chai mkononi. Nikatazama ndani ya kikombe. Kumbe ile sifa yangu ya kula kidogo ndiyo iliyokuwa ushahidi dhidi ya binti wa watu. Mwisho wa mwezi alipewa chake na nauli, akaondoka na mfuko wake wa rambo.

Siku ile nilipata jibu la swali langu. Asemaye "tumbo langu, kosa langu" hajatazama nyuma kuona nani anabeba. Chakula kilikuwa cha mtoto. Lawama ikawa ya binti. Changu kilikuwa kipi? Utamu peke yake, na utamu wenyewe sikuusikia.

Ungedhani niliacha tangu siku hiyo. La hasha! Nilikaa wiki moja kwa hofu, nikaanza tena. Dada naye aliweka kufuli kabatini, maana chakula kiliendelea kupungua na yeye haelewi. Mimi nikahamia kwenye ndizi mbivu za kapuni, nikahamia kwenye sukari. Kufuli hulinda chakula, halimlindi mtu.

Ikafika Desemba. Kama mjuavyo, Desemba Wachagga hurudi nyumbani, mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanafurika, na migombani kunajaa sauti. Tukapanda Old Moshi kwa bibi. Tulikuwa watu zaidi ya ishirini katika nyumba moja, mimi nikalala sebuleni kwenye mkeka pamoja na binamu zangu. Mbuzi alichinjwa, na kwetu mbuzi haliwi hovyo: kila kiungo kina mwenyewe, kwa umri na kwa ukoo, na mgawanyo hufanyika mbele ya watu wote. Mbege ikazunguka kwa kata moja. Asubuhi mtori, jioni ndizi na nyama.

Usiku wa kwanza nikafanya kama kawaida yangu. Vijiko saba, nikasukuma sahani. "Nimeshiba, bibi." Bibi akanitazama.

"Umeshiba lini?"

Sikuwa na jibu. Akaongeza upawa mmoja, nikala. Akaongeza wa pili, nikala, mbele ya shangazi, mbele ya wajomba, mbele ya shemeji mwenyewe. Hakuna aliyeshangaa. Hakuna aliyenihesabia. Usiku ule nililala mpaka jogoo akawika. Usiku wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Nyama ilikuwepo, mikungu ilikuwepo, na mlango wa jikoni haukuwa na kufuli.

Mtu anaweza kusema nilizuiwa na wale binamu waliolala ubavuni. Inawezekana. Bibi mwenyewe alinisimulia nyumba ya msonge aliyozaliwa: mama, watoto, ng'ombe na mbuzi chini ya paa moja la majani, moto katikati. Nilimuuliza kama mtu aliweza kula kwa siri mle ndani. Akacheka, akasema hata ng'ombe angekuona. Sisemi zamani kulikuwa peponi. Njaa ilikuwepo na wachoyo walikuwepo. Lakini nadhani kilichoniponya siku zile si kuonekana usiku, ni kuonekana jioni. Nilikuwa nimekula wazi mpaka nikashiba, na hapakubaki tundu la kwenda kuliziba gizani.

Tazama pia jirani zetu Waislamu pale Pasua. Mwezi wa Ramadhani wanaamka kula daku kabla ya alfajiri. Ni usiku, na ni kula. Lakini taa zinawaka, watoto wameamshwa, sahani zinagongana, na kila mtu anajua jirani anakula nini na kwa sababu gani. Kwa hiyo ubaya hauko katika saa. Mlo wangu ulikuwa mbaya kwa sababu ulikuwa nusu ya pili ya uongo, na nusu ya kwanza niliisema mezani jioni, kwa sauti ya upole. Tangu utoto nimeonywa kanisani juu ya ulafi. Sikumbuki kuonywa juu ya mtu anayejifanya hana njaa. Lakini kwangu mimi hao wawili walikuwa mapacha, na huyu wa mezani ndiye aliyekuwa kaka mkubwa.

Tuliporudi mjini nilimwita dada kando. "Dada, yule binti hakula. Nilikuwa mimi." Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani ataniuliza kwa nini nilikula. Akasema, "Na ukaniacha nimfukuze mtoto wa watu?"

Mengine yalikuwa ya kawaida tu. Nilianza kubeba chakula cha mchana kazini, viazi vitamu au ndizi za kuchemsha. Kila mwezi, kabla fedha haijaniponyoka, nilinunua unga na sukari ya nyumbani, kidogo kadiri ya uwezo, lakini nikapata uso wa kusema "naomba niongeze". Na nilijiwekea sharti moja: nikiamka usiku, nawasha taa. Nikiona njaa ni ya kweli, napakua kwenye sahani, nakaa kitini, nakula. Mara nyingi taa ikiwaka nilikuta hakuna njaa. Sikushinda mara moja. Nimeanguka mara kadhaa, na sikuapa tena. Kesho yake nilimwambia dada, basi.

Likabaki moja. Kupitia kwa mama aliyemleta, tulisikia kwamba yule binti anauza mboga soko la Mbuyuni. Nikaenda. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama katikati ya matenga ya nyanya. Hakuacha kufunga mafungu ya mchicha.

"Nilijua, kaka. Chumba changu si kilikuwa ubavuni mwa jiko? Nilikuwa nasikia mfuniko."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angeniamini? Wewe ulikuwa mtu wa kula kidogo."

Nikampa salamu za dada na fedha tulizomchangia, mshahara wa mwezi. Akazihesabu, akazifunga katika pindo la khanga, akasema asante. Nilitamani aseme amenisamehe. Hakusema, na sina haki ya kumdai neno hilo. Nilinunua mafungu mawili ya mchicha nikaenda zangu.

Mwaka mzima nilidhani nakula bila shahidi, kumbe shahidi alikuwepo, amelala macho upande wa pili wa ukuta, na alibeba kosa langu akilijua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nawe una sufuria yako ya saa saba, iwe ya chakula au ya jambo jingine, usianze kwa kuapa. Anza jioni, mezani. Ukiulizwa kama umeshiba, sema kweli.