Binti Aliyeletwa na Njaa

Binamu yangu anayeishi Marekani alikuja Embu Desemba iliyopita na daftari. Alitaka nimsaidie kuandika ukoo wetu, kuanzia kwa watoto wake hadi pale kumbukumbu inapokatika. Kazi hiyo wengi huku tunaifanya bure: unampeleka mgeni kwa wazee, unaomba kuona rejista ya ubatizo kanisani, unalinganisha majina. Majina ndiyo yanasaidia sana, maana kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, na wa kike la nyanya mzaa baba. Shika jina moja, litakurudisha nyuma kizazi baada ya kizazi.

Basi tukakuta jina la Kikamba ndani ya ukoo wa Kiembu, limerudiwa mara kadhaa. Tukamwuliza ndugu mdogo wa babu. Akashusha sauti. Katika ile njaa kubwa ya 1898 na 1899, familia za Wakamba zilipanda huku milimani kutafuta chakula, na nyingine zikaacha binti zao kama rehani ili zipewe nafaka. Mvua iliporudi, baadhi walikuja kuwakomboa. Wa kwetu hakufuatwa. Aliolewa hapa, akawa mama wa nyumba yetu.

"Hilo msiandike," mzee akasema. "Ilikubaliwa kwamba hakuna mtu atamwita mgeni."

Nilimwelewa. Kimya hicho kilikuwa heshima. Kilimfanya awe wetu kabisa, na watoto wake wasichekwe.

Lakini mama yangu ni Mmeru, na nimekua nikisikia habari za Mbwaa: kwamba mababu walitumikishwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, hadi wakatoroka wakavuka maji usiku. Hiyo hakuna anayeinong'ona. Watoto husimuliwa kwa fahari. Kwa nini basi utumwa wa kabila zima usimuliwe mchana, na rehani ya msichana mmoja ifichwe?

Nadhani jibu ni hili: Mbwaa, sisi ndio tuliodhulumiwa. Kwenye njaa ile, ghala lilikuwa letu. Kimya kilimlinda yeye, sawa, lakini kilitulinda na sisi pia.

Halafu ukoo una pande mbili. Ng'ambo ya Mto Tana huenda kuna nyumba inayojua kwamba kulikuwa na binti, alipelekwa mlimani, hakurudi. Heshima yetu huku, kule ni pengo.

Tulirudi kwa mzee. Tukamwambia tutaandika yote mawili: kwamba alikuwa mama yetu, na kwamba alizaliwa Ukambani akaletwa na njaa. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Andikeni, lakini anzeni na mama."

Tumeanza hivyo. Mstari wa jina la baba yake bado uko wazi.