Muulizeni Kwanza

Yule mtu wa Bethzatha katika Injili alikuwa ameugua miaka 38. Alilala kando ya birika pamoja na vipofu na viwete, na kila aliyepita pale alijua anachokitaka. Bwana Yesu naye alijua. Hata hivyo, kabla hajamwambia asimame, alimuuliza kama anataka kuwa mzima. Njiani kutoka Yeriko, Bartimayo alipaza sauti mpaka umati ukamkemea anyamaze. Kipofu, tena ombaomba, na bado aliulizwa anataka afanyiwe nini! Mwenye uwezo wa kuponya kwa neno aliwauliza watu hawa. Basi sisi wanadamu tunaoponya kwa wembe na sindano tumepata wapi ruhusa ya kutouliza?

Nchini Kenya, mwaka 2006, mama mmoja anayeishi na VVU alijifungua kwa upasuaji. Alitoka huko kizazi chake kikiwa kimefungwa bila ridhaa yake. Ilipita miaka ndipo akajua kwa nini hapati mimba. Desemba 2022 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba haki zake zilivunjwa. Hesabuni wenyewe: mtoto yeyote aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshabalehe mama huyo alipopata haki.

Nchini Namibia, wanawake watatu wenye VVU walitendewa vivyo hivyo, na huko fomu zilikuwepo, zina sahihi zao. Lakini sahihi zilichukuliwa wakiwa katika uchungu wa kuzaa, na upasuaji wenyewe uliandikwa kwa herufi za mkato ambazo daktari anazijua na mgonjwa hazijui. Mahakama Kuu mwaka 2012, kisha Mahakama ya Juu mwaka 2014, zilikataa kuiita hiyo ridhaa. Nami nasema amina kwa majaji wale! Mama anayeng'ang'ania ukingo wa kitanda, jasho linamtoka, unampa kalamu na kumwambia weka sahihi hapa haraka: huyo angesaini hata hati ya kuuza shamba la ukoo.

Waliofanya haya hawakuwa majambazi. Naamini wengi wao walidhani wanatenda wema. Mama ana virusi, ana watoto tayari, maisha ni magumu, azae tena wa nini? Ogopeni wema wa namna hiyo, ndugu zangu. Ni wema uliomwona mtu hana akili ya kujiamulia, ukampokonya kilicho chake huku ukisubiri kushukuriwa.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia zilizopo za matibabu, faida, hatari na gharama zake, tena kwa lugha anayoielewa. Inataka pia aambiwe kwamba ana haki ya kukataa, na akikataa nini kinaweza kumpata. Najua foleni ni ndefu. Najua sista mmoja anahudumia wodi ambayo ingehitaji wanne. Wahudumu, Mungu awatie nguvu, na serikali iwaajirie wenzenu! Hata hivyo kliniki za wajawazito huchukua miezi. Jambo la kufunga kizazi lingezungumzwa huko, mama akiwa ametulia kwenye benchi, likasubiri wiki nzima akafikiri. Aliyeletwa amezimia, damu inamtoka, hana wa kumsemea, huyo mtibuni bila kukawia, maadamu hakukataa mapema. Sheria imeliruhusu hilo.

Anayeuliza kweli yuko tayari kusikia hapana. Mzee ambaye figo zimekufa, ameelezwa akaelewa, akisema hataki tena kusafishwa damu kwa mashine, msimwite mkaidi. Msimfokee mbele ya wagonjwa wenzake. Amekataa mashine, hajakataa dawa ya maumivu, hajakataa shuka safi, hajakataa kuitwa baba. Na kesho akibadili nia, mpokeeni bila kumsimanga.

Nanyi jamaa mnaosimama na daktari kwenye korido mkinong'ona, mama asiambiwe ana saratani! Mnadai mnamlinda, kumbe mnaamua yote juu ya mwili wake naye yu hai, ana akili timamu, na pengine ana watu wa kupatana nao na shamba la kugawa. Waume mnaotaka fomu ya mke mtu mzima iletwe kwenu kwanza, mrudishieni kalamu.

Nimewaweka mwisho wenzangu tulioshika Biblia, kwa kuwa kwetu uovu huu huvaa joho. Mgonjwa akitupa ARV zake kwa sababu mchungaji amemwambia kuendelea kuzimeza ni kukosa imani, hapo hakuna uhuru wa kukataa. Amelazimishwa, na tumemlazimisha sisi, kwa jina la Yule aliyekuwa akiuliza. Mchungaji mwenzangu, kama umewahi kumwamuru mtu hivyo, usingoje Jumapili. Mtafute leo. Mwombe radhi, umsihi arudi kliniki, amsikilize daktari, aulize kila linalomtatiza, kisha aamue mwenyewe. Akitaka umsindikize, vaa viatu uende naye.