Nani Kasema Hawajui?

Hudhuria mkutano wowote wa mazingira, uwe wa kata au wa wizara, kisha usubiri. Kabla chai ya saa nne haijaletwa, mtu atasimama na kusema kwamba tatizo ni uelewa mdogo wa wananchi, hivyo elimu itolewe. Wajumbe wataitikia kwa vichwa, katibu ataandika, na kikao kitahamia ajenda inayofuata. Kauli hiyo haipati mpinzani kwa sababu haimgusi yeyote aliyemo ukumbini. Asiyejua yuko nje, kijijini au gengeni. Sisi tunaojua tunasubiri chai.

Kauli hiyo inafaa kuhojiwa. Elimu ina thamani yake, lakini hapa imebebeshwa mzigo usio wake, na nyuma ya mzigo huo wamejificha watu ambao walipaswa kuulizwa maswali.

Suala lenyewe ni la kale. Sokrates, kama Plato anavyomsimulia, alishikilia kwamba hakuna mtu atendaye ubaya huku akiujua kuwa ni ubaya. Anayekosea amekosea kwa kutojua, na dawa yake ni kufundishwa. Aristotle hakuridhika na jibu hilo. Aliona kwamba mtu anaweza kulijua jema, akalikiri kwa kinywa chake, kisha tamaa ikamshinda akatenda kinyume. Waswahili nao walikwisha kulisemea jambo hili waliposema kuwa elimu bila amali ni kama nta bila ya asali. Kampeni zetu nyingi za mazingira zimesimama upande wa Sokrates: fulana, kofia, mabango na semina, kwa imani kwamba mtu akishajua atabadilika. Zisipozaa matunda, tunahamia kwa Aristotle na kusema kwamba watu ni wazembe na hawana nia.

Upo uwezekano wa tatu ambao hatuupi nafasi. Huenda mtu anajua, hana tamaa yoyote inayomshinda, na bado anatenda lile tunalomkataza kwa sababu amepiga hesabu vizuri kuliko sisi.

Mtazame mama lishe wa Mbagala au Manzese alfajiri, akipuliza jiko kabla wateja wa supu na chapati hawajafika. Mkaa ameununua kwa kopo. Hakuna semina itakayomfundisha kuhusu moshi, maana kikohozi chake ni mwalimu tosha. Wala hahitaji ramani ya satelaiti kujua kwamba misitu inarudi nyuma: bei inapanda kila mvua zinapoharibu barabara, na muuzaji naye amebonyeza kitako cha kopo ili lipokee mkaa pungufu. Gesi anaijua na pengine anaitamani. Lakini kwa kawaida mtungi hujazwa wote au haujazwi kabisa, na pesa yake huja kwa mafungu ya sahani moja moja. Mkaa unamkubali mtu mwenye pesa ya leo tu. Kumwambia mama huyu kwamba hana uelewa ni kumtukana. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Utafaulu au utakwama kwa kutegemea zaidi kama nishati hiyo itapatikana kwa vipimo vya mfuko wa mama huyu kuliko idadi ya mabango yatakayobandikwa.

Mtazamo wa mtu kuhusu mazingira, basi, hautokani na maarifa peke yake. Kwa sehemu kubwa ni hukumu. Mtu ameyapima maisha yake, akawapima na wale wanaomwambia atunze, akafikia uamuzi. Hukumu hiyo inaweza kuwa na makosa, lakini haikutoka hewani.

Katika milima ya Uluguru, miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili mvua isisombe udongo. Kwenye karatasi hoja ilikuwa safi. Shambani, jembe lilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu, mazao yakadumaa, na kazi yenyewe ikala siku ambazo familia ilizihitaji kwa kilimo. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, na mpango ukatelekezwa. Ni rahisi kuuita huo ukaidi wa watu wasiojua umuhimu wa udongo. Lakini kusini, huko Mbinga, Wamatengo walikuwa wamelima miteremko mikali kwa vizazi bila kuamriwa na bwana shamba yeyote. Wanafyeka majani, wanayalaza kwa mistari inayokatana, kisha wanachimba katikati na kuyafunika kwa udongo. Mlima unabaki na vishimo vingi, ngoro, vinavyoyapokea maji ya mvua na kuyatuliza yasikimbie na udongo, huku majani yakioza na kuwa mbolea chini ya maharage. Lengo lilikuwa moja pande zote mbili, yaani udongo ubaki mlimani. Tofauti ni kwamba Mmatengo alikuwa mwenye wazo, mwenye shamba na mwenye mavuno. Mluguru alikuwa kibarua wa wazo la mtu mwingine katika shamba lake mwenyewe.

Hukumu ya namna hiyo haifutiki kwa kubadilisha bendera. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limeliwa na makorongo. Kwa kweli majani yalirudi. Atakayedai kwamba amri haifanyi kazi hajafika Kondoa, kwani nyasi huota bila kumwuliza mtu ana mtazamo gani. Lakini gharama ilibebwa na mfugaji aliyetakiwa kuwahamisha ng'ombe wake, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyepanga aliona mlima ukivaa kijani. Aliyehamishwa alijifunza kwamba neno hifadhi linapotajwa, mtu fulani ajiandae kufungasha. Somo hilo hurithishwa kwa watoto bila kuandikwa popote, na ofisa anayekuja baadaye na kipeperushi chake chenye picha nzuri hushangaa kwa nini haaminiki.

Shinyanga inatupa kisa cha upande wa pili. Kwa miongo mingi mkoa huo ulifyekwa: vichaka viliondolewa ili kuwatokomeza mbung'o, pamba ikapanuliwa, mifugo ikaongezeka, mpaka watu wakaanza kuuita jangwa. Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa tangu zamani, ngitili, wa kulifunga eneo la malisho mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kinapokaza, ng'ombe wapate majani wakati kwingine kumekauka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kwenye miji yao ya awali, na ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe. Ujuzi ulikuwa bado kichwani mwa wazee, lakini kilichouwezesha kufanya kazi kilikuwa kimevunjwa.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, nao ulitanguliza njia iliyozoeleka ya vitalu, miche ya miti ya kigeni na mafunzo kutoka juu. Mambo yaligeuka pale wataalamu walipokubali kuufuata utaratibu uliokuwapo, wakaacha miti ya asili ichipue yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi, na kuacha familia na vijiji viwe na ngitili zao. Mikutano ya jadi, dagashida, ikapanga sheria na faini, na sungusungu wakazisimamia. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti ya kuni na ya kujengea ilirudi, pamoja na asali, dawa za mitishamba na ndege. Nani aliwaelimisha Wasukuma hao? Kwa kiasi fulani walioelimishwa ni wataalamu.

Kisa hiki kinaitikisa hoja mashuhuri ya Garrett Hardin, aliyeandika mwaka 1968 kwamba malisho ya wote lazima yaangamie, kwa kuwa kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi kwa faida yake huku hasara ikigawanywa kwa wote. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba jamii nyingi duniani hazifanyi hivyo, kwa sababu mali ya wote si lazima iwe mali isiyo na mwenyewe. Watu wakiwa na haki ya kutunga kanuni, kuzilinda na kumzuia mgeni asiyezifuata, huweka akiba ya kesho kwa hiari. Wakinyang'anywa haki hiyo, hata mwenye hekima kuliko wote atavuna haraka kabla mwenzake hajavuna. Mabadiliko ya mtazamo huko Shinyanga yalikuja baada ya mamlaka kurudi. Hayakuwa sharti la kutangulia.

Mtu anaweza kunipinga kwa kutaja mifuko ya rambo. Watu waliambiwa kwa miaka kwamba plastiki inaziba mitaro na kuua mifugo, na wakaendelea kubeba nyanya zao ndani yake. Ikaja sheria. Rwanda ilikuwa imeipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Ndani ya wiki chache mifuko ile ikatoweka sokoni, bila kungoja mioyo ya watu ibadilike. Pingamizi hilo nalikubali. Sheria inaweza kutangulia mbele ya mtazamo na kuuvuta nyuma yake, na leo kwa watu wengi mfuko wa kitambaa ni jambo la kawaida lisilohitaji maelezo.

Lakini usiishie Juni 2019. Sheria iliviacha vifungashio, ile mifuko laini ya kufungia bidhaa kama karanga na mikate, na haukupita muda muuza mbogamboga akawa anatilia mchicha humo na mteja anaondoka nao mkononi. Mwaka 2021 serikali ikalazimika kutangaza kwamba vifungashio havikuruhusiwa kuwa vibebeo. Sheria hufika pale jicho la askari linapofika. Panapobaki upenyo, mtu hutumia hukumu yake mwenyewe, na hukumu ya muuza mbogamboga ni kwamba mteja aliyekuja bila kapu hataki kuongeza pesa ya mfuko juu ya fungu la mchicha. Aliyetunga sheria hakumtazama kwa karibu.

Yapo mambo ambayo watu hawayajui kweli. Mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita anapochoma zebaki kwenye kikaango, mvuke unaopanda hauna rangi wala harufu, na madhara yake yanaweza kuchukua miaka kujionyesha katika mikono inayotetemeka. Hapo uzoefu peke yake haufundishi. Lazima mtu mwenye ujuzi aje aseme, na akinyamaza ana hatia. Elimu inahitajika pale ambapo hatari imejificha isionekane kwa macho wala isisikike kwa pua. Inapogeuzwa kuwa jibu la kila tatizo, hata kwa watu wanaoishi ndani ya tatizo lenyewe, inakuwa njia ya heshima ya kuikwepa mada ya nani ana ardhi, nani anapanga bei na nani aliulizwa. Hata mchimbaji huyo, akishaelezwa, atahitaji kifaa cha kunasa mvuke na soko lisilomnyonya. Onyo peke yake litampa hofu bila kumpa njia.

Kinachofuata kinatuhusu sisi tunaojihesabu wajuzi. Wajibu hautokani na kujua tu. Unakua kwa kadiri ya kujua na kuweza kwa pamoja. Mama lishe anajua lakini hawezi, mchimbaji anaweza kidogo lakini hajui, na wote wawili wana udhuru wa aina fulani. Asiye na udhuru ni yule aliyesoma ripoti, mwenye mtungi wa gesi jikoni na mshahara benki, ambaye Jumamosi anaagiza gunia la mkaa kwa ajili ya nyama choma kwa sababu ladha yake ni tofauti. Au yule anayesaini kibali cha kuvuna msitu siku ya Ijumaa na kufungua kongamano la misitu Jumatatu. Udhaifu wa nia aliouzungumzia Aristotle upo kweli, ila tumeutafuta mahali pasipo pake. Unastawi zaidi pale ambapo mtu ana nafasi ya kuchagua. Kabla hatujaandika bajeti nyingine ya kuwaelimisha wananchi, haki inadai tuanze kuhesabu madeni kwa hao wasio na udhuru, ambao wamekwisha kuelimika.