Baron Liebig na Maji ya Nyama

Mwanazuoni akiheshimiwa kupita kiasi, hata kosa lake hupikwa likaliwa.

Waingereza wana neno la kusifia nyama iliyoiva vizuri ikabaki na majimaji yake: succulently. Asili yake ni sucus la Kilatini, yaani maji yaliyomo ndani ya tunda, mmea au nyama. Katika karne ya 19 alitokea mtu aliyedai kujua namna ya kuyafungia maji hayo yasitoke. Naye hakuwa mbabaishaji. Justus von Liebig, mzaliwa wa Darmstadt, alipewa uprofesa huko Giessen mwaka 1824, akiwa na miaka 21 tu, na wanafunzi wa kemia walimfuata kutoka nchi nyingi.

Mwaka 1847 alichapisha utafiti wake juu ya nyama. Akasema uzima wa nyama uko katika maji yake. Kwa hiyo mpishi aianze kwa moto mkali au maji yanayochemka, ili ganda lifanyike juu na kuyazuia ndani. Kabla yake, wapishi wa Uingereza walibanika nyama mbali na moto, wakaisogeza karibu mwishoni tu ipate rangi. Desturi hiyo ikapinduliwa. Eliza Acton, mwandishi wa mapishi aliyesomwa sana, alipotoa upya kitabu chake mwaka 1855 alimtaja Baron Liebig kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Nani angembishia profesa?

Ajabu ni kwamba ushahidi wa kumpinga ulikuwa ukipiga kelele katika kila jiko. Ile chwaaa ya kikaangoni ni nini, kama si maji ya nyama yanayotoka na kugeuka mvuke katika mafuta ya moto? Ganda la kahawia halizuii kitu. Kinachokamua maji ni joto lenyewe: nyuzi za nyama zikipata moto hujikunja, na kadiri joto la ndani linavyopanda ndivyo maji yanavyozidi kutoka. Majaribio ya miaka ya 1930 yalithibitisha hivyo, lakini wapishi wengi hawakuacha. Si kwamba moto mkali hauna faida. Unaleta harufu na ladha, kwa mabadiliko aliyoyaeleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Harufu hiyo hututoa mate, na mate hayo hutufanya tudhani nyama ndiyo yenye maji.

Kama yangeishia jikoni, yangekuwa mambo ya kuchekesha. Lakini mwaka 1865 iliundwa kampuni yenye jina la Liebig, ikachemsha nyama ya ng'ombe huko Fray Bentos, Uruguay, hadi ikawa ujiuji mzito mweusi. Kilo moja ya uji huo ilihitaji nyama kilo 30 hivi. Ukatangazwa kuwa lishe ya wagonjwa, ilhali mafuta yalikuwa yameondolewa na protini karibu yote ilikuwa imebaki katika nyuzi zilizotupwa kando. Walichonunua wagonjwa kilikuwa kiungo cha mchuzi, na ndivyo kilivyokuja kutumika baadaye.

Ukimsikia mpishi wa televisheni akisema anafungia maji ndani, ipime nyama yako kwa mizani kabla ya kuikaanga, kisha uipime tena ukishaiepua.